R ya Kura

Jumatatu, 3 Machi
Leo kwa kinyozi nimewanyamazisha wote. Redio ilisema kuna mpango wafungwa nao waruhusiwe kuchagua viongozi, na Alhamisi ya wiki ijayo wananchi watatoa maoni ukumbini. Nikasimama na povu shingoni: tangu lini mwizi wa kuku akachagua mlinzi wa banda? Kinyozi kacheka mpaka wembe ukamponyoka. Kidogo sikio liende! Nikawakumbusha geti la gereza nililichomelea mimi, usiku mmoja, mvua inanyesha, nondo nazikunja kwa mikono. Hakuna aliyebisha. Waliinamisha vichwa tu — kwa heshima, nadhani.

Jumanne, 4 Machi
Maneno yana mbio kuliko pikipiki. Asubuhi dada yangu huyo karakanani kwangu, kajifunga kibwebwe. "Kaka, mwizi wa kuku ni nani? Mwanangu aliiba betri ya lori, siyo kuku!" Kweli, mpwa wangu yuko ndani. Sikumsahau — nilikuwa naongea kwa ujumla. Kumbe keshaniandikisha kusema ukumbini. "Si ulishawahutubia mawaziri saba? Basi kamsemee mpwa wako. La sivyo, mlangoni kwangu usikanyage."
Saba? Mimi nilisema watano.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda kumwona mpwa. Geti langu imara, ila bawaba moja inalia (watakuwa wameichezea). Kakonda kidogo, meno yote nje. Nikamuuliza wanaitaka kura ya nini. "Kula tunakula, Mjomba, maharage yapo." Nikarudia mara tatu ndipo akanielewa. Kumbe wanapiga tayari! Msimamizi wa bweni wanamchagua kwa vizibo vya soda, chekundu huyu, cheupe yule, vinatumbukizwa ndooni, kila mtu kimoja.
Nikacheka: vinaibwa hivyo!
"Mjomba, wezi wote tuko humu, na hakijapotea hata kimoja. Huko nje kwa watakatifu, vipi?"
Askari aligeukia ukuta, mabega yanatikisika. Kisha mpwa kasema taratibu: mimi kifungo kitaisha, na atakayechaguliwa sasa ndiye nitakayemkuta nikitoka.
Nimemwahidi nitasema.

Jumatano, 12 Machi
Shida! Ulimi wangu na R hawaelewani tangu cheche iliponirukia mdomoni nikiokoa lori la petroli. (Mke wangu husema nilizaliwa hivyo. Alikuwepo?) Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: "Wafungwa wapewe haki ya kula!" Mke wangu kutoka jikoni: "Kwani wamefunga?" Nikasukutua maji. Kula. Nikaubana ulimi kwa kijiko. Kula! Mara moja R ilikuja, ila na mate, kioo chote kikalowa.
Nimetafuta neno jingine la kura. Halipo.

Alhamisi, 13 Machi
Ukumbini. Naandikia gotini. Watu hadi madirishani — nimewavuta mimi, hilo halina ubishi. Viti wamepanga wafungwa wenyewe, na sare zao, kisha wakaambiwa wasimame ukutani. Viti wamebeba wao, kukaa tumekaa sisi! Mpwa wangu kapewa kazi ya kupitisha kipaza sauti. Wakili mmoja mwenye tai kamaliza sasa hivi: mhalifu asiguse sanduku letu. Makofi. Mpwa kasimama karibu yake, kamshikia kipaza sauti mpaka mwisho.
Dada yuko safu ya mbele, kanipa kisogo.
Nilikuwa na kisa changu cha chui aliyekwama getini. Nakiacha. Nitasema vizibo tu. Kile chekundu, kile cheupe, ndoo. Halafu lile neno.
Kinyozi naye yupo! Ananipungia mkono, tayari anacheka.
Mwenyekiti: "Fundi wa mageti!" Ndiyo mimi. Mpwa anakuja na kipaza sauti, kakishika kama yai. Kainama sikioni kwangu: "Mjomba, hata ikitoka kula, endelea tu. Sisi kule ukutani tutakuelewa."
Dada kageuka, ananitazama. Kalamu naiweka sikioni —