Kigarimoshi Kwenye Ukungu

Blaenau Ffestiniog, 4 Oktoba 1987

Mpendwa shemeji Idwal,

Pole na hospitali ya Liverpool. Jicho limeamkaje? Mimi nipo, magoti yananisema, na mvua ni ile ile unayoijua. Tangu tumzike mume wangu Emrys mwezi wa pili, bado mkono wangu unachemsha chai ya watu wawili.

Binti yako Menna ameniambia kwamba daktari hakupi matumaini: jicho lililobaki halifiki Krismasi. Na kwamba kabla halijazima unataka kuiona ile picha ambayo ndugu yako aliitafuta kila vuli asiipate: kigarimoshi chake cha mfano kikitoka chini ya daraja la bustani, mvuke umejaa, mtazamaji asijue kwamba ni kidogo kama paka. Nitaipiga mimi. Kuwasha moto wake najua, na kamera ipo. Nielekeze mengine. Kigarimoshi chenyewe kiko tayari: nimekiosha kwa sabuni, shaba nimeisugua mpaka najiona uso. Niliona vibaya kikae kichafu na mwenyewe hayupo.

Shemeji yako,
Nesta

Liverpool, 8 Oktoba 1987

Shemeji Nesta,

Ni mzima, ukiacha macho. Menna anakusalimu.

Umekiosha? Mama yangu! Ule haukuwa uchafu, mwanamke wewe! Emrys aliupaka kwa brashi nyembamba, kila majira ya baridi, masizi hapa, kutu pale. Kinachong'aa ni kitu cha watoto kuchezea. Kichafu ndicho garimoshi.

Nisamehe ukali wangu. Jana nilimimina chai mezani nikidhani kikombe kipo. Ninaogopa, Nesta. Sina namna nyingine ya kusema.

Sasa sikiliza. Kwangua masizi ya dohani, changanya na mafuta kidogo, ukipake. Jua likiwaka usijisumbue, kwenye joto mvuke hauonekani. Ngoja asubuhi ya baridi, yenye ukungu, isiyo na upepo. Lala kifudifudi, kamera iguse kokoto. Nakuomba, usichelewe.

Shemeji yako,
Idwal

Blaenau Ffestiniog, 29 Oktoba 1987

Shemeji Idwal,

Unaendeleaje? Binti yako anakula vizuri, au anakuhangaikia tu?

Nimekipaka masizi mpaka kucha zangu zimekuwa za mchimba mawe. Kisha ukaja upepo. Baada ya upepo, jua! Vuli nzima hatujaona jua kama hili; mji mzima unashangilia, mimi peke yangu ninalilaani. Wiki iliyopita ukungu ulishuka kidogo, nikalala kwenye tope. Blodwen wa jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Nesta! Umeanguka?"

"Napiga picha ya treni."

"Haya, ikikukanyaga nipigie kelele!"

Nilicheka, nikatikisa kamera. Nimepeleka filamu duka la dawa wakaisafishe, imetoka nyeupe tupu. Kesho naanza nyingine. Liambie hilo jicho lisubiri, Idwal. Libembeleze.

Shemeji yako,
Nesta

Blaenau Ffestiniog, 16 Novemba 1987

Mpendwa Idwal,

Menna atakusomea hii. Alinipigia simu Jumapili, akaniambia jicho limezima. Nikaishia kumuuliza hali ya hewa ya huko.

Picha ilirudi kutoka duka la dawa siku iliyofuata. Imo humu ndani, ishike. Maneno ndiyo niliyobaki nayo, basi nakupa hayo.

Ni alfajiri. Kijivu juu, kijivu chini, mlima haupo. Chini ya daraja kuna giza, na humo mvuke unatoka mweupe, mzito, unatambaa juu ya reli bila kupanda. Kigarimoshi kimetokeza nusu. Ni cheusi, kimechoka, kama kimevuta mawe usiku kucha. Hungejua ukubwa wake, Idwal, naapa, isipokuwa kwenye reli, mbele kabisa, kuna konokono mrefu kuliko gurudumu. Sikumwona nilipobonyeza.

Emrys angeitupa picha hiyo. Ila yeye angemwona konokono mapema, akapiga magoti kumwondoa. Kila alipomkuta konokono kwenye reli alimwambia, kwa heshima kabisa, "Samahani bwana, tumechelewa," akambeba hadi kwenye kabichi zangu, nami nikamfokea Emrys dirishani. Nilipomwona konokono huyu nilikaa chini jikoni, nikalia mpaka moto ukazimika.

Sikuwahi, shemeji. Nilijitahidi na sikuwahi.

Sasa nyumba hii haina wa kumfokea. Huko gizani kwako, unapokumbuka watu wako, nikumbuke na mimi.

Shemeji yako,
Nesta