Kupiga Magoti Bila Kuanguka

Jumanne, 2 Juni 1970
Nimerudi nyumbani Hamugembe! Kichwa kimenyolewa chote, nyuma kuna mshono mrefu. Uvimbe wa ubongo nimewaachia madaktari huko Kampala. Kutapika asubuhi – kwisha. Kuona kila kitu viwili viwili – kwisha. Ila nikisimama, sakafu inakwenda upande. Daktari alisema itapona polepole. Polepole kiasi gani? Akacheka tu, mtu mbaya yule.

Alhamisi, 4 Juni
Leo kali! Balozi wetu wa nyumba kumi, Kagaruki, kaniona kibanjani, kwenye migomba yetu, na kipara changu. Kwetu mwanamke hanyoi hivi hivi, ni msiba. Jioni kaja na majirani, mkungu wa ndizi na sura ya huzuni. Akauliza: nani katutoka? Mama akasema hakuna aliyekufa. Hawakuamini! Ikabidi niiname niwaonyeshe mshono. Ndizi tumekula wote.

Jumamosi, 6 Juni
Projestus kaja na baiskeli. Bado ni mchumba wangu – naandika hivyo kwa makusudi. Jumapili ya tarehe 14 wazee wake watatoka Nshamba kuja kuniona. Kuniona au kunikagua? Wameshaambiwa nayumba kama mlevi. Mke asiyeweza kupiga magoti kuwasalimia wakwe, wanasema, ni mke gani? Projestus anasema atanioa hata nikisalimia nimelala chali. Maneno matamu. Lakini kwao wazee ndio wenye kauli, na mimi namtaka huyu mwanamume. Namtaka!

Jumatano, 10 Juni
Mazoezi migombani. Kushuka naweza. Kuinuka ndiyo kazi. Nimekumbatia mgomba, tukaenda chini sote wawili. Mama kafoka: ulikuwa na mkungu! Mkono wa kulia bado unatetemeka, chai inaishia kwenye gauni. Na mwandiko huu – hee!

Ijumaa, 12 Juni
Nimeinuka peke yangu! Mara moja tu, lakini nimeinuka. Mama kapiga vigelegele, Kagaruki akaja mbio akidhani sasa ni harusi.

Jumapili, 14 Juni
Wamekuja. Mama Projestus na shemeji yake, Mzee Byabato. Mama Projestus kakaa mkekani. Nikashuka vizuri, magoti sawa, nikamwamkia kwa Kihaya, heshima zote. Kuinuka – dunia ikazunguka. Nikamwangukia mapajani, kitambaa cha kichwani kule, kipara nje! Waitu, jamani, niliona ndoa inaondoka hivi hivi. Nikalia, sitajidanganya. Mkono wake ukashuka kichwani, ukaufuata mshono taratibu mpaka mwisho. Akaniambia nitulie hapohapo.

Sasa nimepumzishwa chumbani. Nasikia sauti ya Mama Projestus kupitia ukuta: anamuuliza Mama nywele huchukua muda gani kuota, maana bibi harusi mwenye kipara watu watampa pole. Mama anacheka! Lakini Mzee Byabato hajatia neno, naye ndiye msemaji wa ukoo. Anakohoa. Anasema yeye bado hajasalimiwa.

Wananiita. Nimeshika kitanda. Sakafu, tulia basi –