Wananionea Huruma Hadi Wanifukuzishe

Jumanne, Palma. Jua la leo halina adabu, nami nimeshinda na hasira tangu asubuhi. Nawakasirikia watu wema, sijui hata nianzie wapi.

Damiani, fundi wetu wa matofali ya saruji, aliangukiwa na matofali hapahapa yadini akavunjika bega. Daktari kamruhusu kurudi, ila asinyanyue kitu kizito. Kwa kuwa mimi ndiye msimamizi, nikamwombea kwa bosi kazi nyepesi, "trabalho leve" anavyoiita bosi mwenyewe kwa Kireno: ashike mpira wa maji, amwagilie matofali mabichi yasipasuke. Bosi alikubali shingo upande. Ikishindikana, alisema, Damiani arudi kijijini kwake Quitunda na nafasi apewe mwingine.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe sijawajua wenzangu.

Kwetu ni aibu mgonjwa afanye kazi na wazima wanamtazama. Kila Damiani akishika mpira, anatokea mtu na pole zake, anamnyang'anya. Anamwagilia kidogo, anaitwa kwenye mashine, anauacha mpira chini. Kila mmoja anadhani mwenzake kamalizia. Leo safu nzima ya nyuma imepasuka, na bosi kaiona. Akaniambia nimwondoe Damiani. Nikamwomba anivumilie mpaka jioni.

Nilimkuta Damiani kivulini, kaletewa kiti na chai kama bibi harusi. Nikamweleza yote. Akaangalia pembeni, machozi yanamtoka.

"Dada Zainabu, Amisi ni mtani wangu. Tangu niumie hajanitukana hata mara moja. Mtani hutania hata msibani. Sasa mimi wananionaje?"

Roho iliniuma sana.

Nikamfuata Amisi kwenye mashine. Akajitetea kwamba kumcheka mtu aliyevunjika bega ni dhambi. Nikamwambia huruma yao hiyo ndiyo itakayomkosesha mwenzao kazi. Akainamisha kichwa, akairudia mashine yake.

Alasiri yadi nzima ikasikia sauti yake.

"Wewe Mmakonde, umekuja kazini au umekuja kuposa? Matofali yangu yanakauka."

Watu waligutuka. Damiani akainuka, akaokota mpira kwa mkono mzima, akamlowesha Amisi kuanzia kichwani, huku anamwambia angalau leo kaoga. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha akageukia matofali, safu baada ya safu, na hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Jioni bosi alipita, akayagusa matofali yaliyolowa, akauliza kesho nani atamwagilia. Nikamjibu kwamba ni Damiani. Hakubisha.

Nimerudi nyumbani nikamkuta mama kitandani, anatazama ukuta. Nyonga yake inapona vizuri, lakini tangu aanguke hatumwachii hata kuchambua mchele. Tunamwambia apumzike, na yeye anazidi kunyamaza.

Kesho asubuhi nampa ungo.