Siku ya Kumi na Saba na Uso Huu

Kilifi, Alhamisi, mwezi wa saba, 1986

Manyunyu tangu alfajiri, kibaridi hiki cha Julai kinachoingia mpaka kwenye mifupa, na mimi sijielewi. Leo ni siku ya kumi na saba tangu nipasuliwe mdomo. Nyuzi zilitolewa wiki jana, leo nimerudi kazini, na kesho saa mbili asubuhi muuguzi Kambua anataka jibu. Napasuliwa mara ya pili au sipasuliwi?

Sijui. Naandika, huenda nikajua.

Nianze na uso wenyewe. Nilipokuwa na miaka sita, nyumbani kwetu Jilore, mama alikuwa akichemsha mafuta ya nazi na chungu kikanimwagikia shavu la kushoto. Kovu lilipokauka likavuta pembe ya mdomo juu, na kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa kutabasamu. Nikilala natabasamu. Nikiumwa na jino natabasamu. Shuleni nilichapwa na walimu watatu tofauti kwa kosa la kuwachekelea. Na Mungu naye ana mambo yake, maana nilipomaliza shule kazi niliyopata ni ya ukarani katika ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo.

Vizazi, sawa. Lakini vifo?

Mwaka juzi alikuja baba mmoja aliyefiwa na mwanawe. Nikamwuliza jina la marehemu. Akanitazama, akavaa kofia yake aliyokuwa ameivua kwa heshima, akaniambia, "Wewe mwanamke, kifo cha mwanangu chakuchekesha nini?" Nikajaribu kumweleza, nikaanza kulia, na kadiri nilivyolia ndivyo mdomo ulivyozidi kupanda. Aliondoka bila cheti. Sijawahi kumsahau, wala sidhani yeye amenisahau.

Kwa hiyo niliposikia daktari mgeni amekuja kwa miezi miwili katika hospitali ya misheni, kazi yake kurekebisha makovu na midomo, sikumwomba mtu ushauri. Nilikwenda na daftari lenye maswali kumi na manne. Kambua alinitafsiria, na daktari aliyajibu yote bila kuchoka. Kovu litaisha? Haliishi, linapunguzwa na kulegezwa tu. Nitakula nini? Uji na supu, tena vya uvuguvugu. Nikicheka nyuzi zitakatika? Basi usicheke, akasema, na hapo Kambua mwenyewe akacheka. Jua je? Nijifunike leso kila nitokapo, mwaka mzima. Nitapona lini? Kidonda kitafunga kwa wiki mbili, uvimbe na ugumu vitachukua miezi, na nisijihukumu kwenye kioo kabla ya nusu mwaka kupita.

Swali moja sikuliandika, kwa sababu sikujua kama ni swali la daktari. Watu wakinitazama watamwona nani?

Leo ndiyo nimeanza kuliuliza. Pembe ya mdomo imeshushwa vizuri, sikatai, daktari ana mkono mwepesi. Lakini upande ule bado umevimba na ni mgumu, hausogei. Nimekaa mezani kwangu, na mtu wa kwanza kuingia alikuwa mzee mmoja kutoka Sabaki, amekuja kuandikisha mjukuu wa kiume. Nilimfurahia sana, hata jina la mtoto lilinipendeza. Nikaandika. Nilipoinua kichwa nikamkuta ameninyooshea shingo, ananichunguza.

"Binti, mbona wamnunia mjukuu wangu? Ana siku nne tu, amekukosea nini?"

Nikajaribu kutabasamu. Upande mmoja ukaitika, wa pili ukagoma, na mzee akaharakisha kuchukua karatasi zake.

Saa sita akaja mjane kijana, mtoto mgongoni. Nikamwandikia kila kitu kimya kimya, maana kuzungumza sana bado kunanivuta. Nilipomaliza akanishika mkono, akaniambia, "Ahsante, dada. Wewe umenionea uchungu." Akaenda zake. Na ukweli, nauandika hapa kwa aibu, ni kwamba muda ule wote nilikuwa nafikiria uji wangu ulio kwenye chupa na kama bado una joto.

Yule baba niliyemlilia hakuniamini. Huyu ambaye sikumlilia ameniamini. Sasa nifanye nini na uso wa namna hii?

Basi nimerudi nyumbani saa kumi na kichwa kimejaa, na nani nimemkuta mlangoni? Mama. Ametoka Jilore, kikapu mkononi, leso mbili mpya ambazo sijawahi kumwona nazo. Hakuwa ameniona tangu nipasuliwe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba yake, halafu akanitazama muda mrefu mpaka nikaona haya, mimi mtu mzima wa miaka thelathini na moja.

"Dama, umekasirika?"

"Sijakasirika, mama. Ni uvimbe."

"Siulizi uvimbe."

Nikaingia jikoni ili nisijibu. Nikasonga sima, nikapika mtsunga, ile mboga chungu aipendayo, nikamwekea mezani. Akasukuma sahani. Akasema hali.

Kwetu mama hakatai chakula cha mwanawe. Anaweza kuonja tu, anaweza kusema ameshiba, lakini kukisukuma namna ile hapana. Nikaona basi, huu uso mpya umemchukiza, amekuja kuniambia nimeharibu alichonipa Mulungu. Na hapo nilikasirika kweli. Nikaokota sufuria nikaitupa kwenye beseni ikalia mpaka jirani akauliza kuna nini.

Mama akasema polepole, "Usipige vyombo. Nimeambiwa mtu wa kupasuliwa hatakiwi kula. Sijala tangu jana jioni."

Nikamwuliza ni nani huyo wa kupasuliwa. Akainua pembe ya leso, akanionyesha paja lake. Linang'aa kwa mafuta ya mbono.

"Nimeipaka wiki nzima ilainike. Ni ngozi ya uzee, lakini haina alama hata moja. Nimejitazama vizuri."

Hapo ndipo nilipoelewa. Wiki jana nilimtumia ujumbe kupitia kwa binamu yangu, kwamba daktari anataka kufanya mara ya pili, aondoe kovu lililobaki na kuweka ngozi nyingine shavuni. Ngozi itoke wapi sikusema. Sikuona haja, maana Kambua alishanieleza kwamba itatoka pajani kwangu. Mama akajipa jibu mwenyewe. Nani atoe ngozi kama si yeye? Akanunua leso za kulazwa hospitali, akajinyima chakula siku nzima kabla ya wakati, akapanda gari mpaka Kilifi.

Nilikaa chini. Nikamweleza kama nilivyoelezwa, kwamba ngozi lazima iwe ya mgonjwa mwenyewe. Ya mtu mwingine mwili unaikataa, inakufa na kubanduka.

"Hata ya aliyekuzaa?"

"Hata hiyo, mama."

Akashusha leso, akaifunika miguu vizuri, akairekebisha mara mbili tatu.

"Basi mimi nitakupa nini?"

Nilipaswa kusema, hakuna haja, mama, yalishapita. Miaka ishirini na mitano mdomo huu umemwambia hivyo kwa niaba yangu. Kila alipokuja alinikuta natabasamu, akarudi Jilore moyo umetulia. Leo nilifungua mdomo kusema maneno yale yale na hayakutoka. Yaliyotoka ni mengine.

Nilimwambia, "Ukoo mzima husema nilivuta kuni mwenyewe, chungu kikapinduka. Na wewe husema hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka sita, mama. Nani aliniweka pale?"

Sikukusudia. Nilidhani sina neno hilo, nilidhani lilishaisha zamani, au nilijidanganya kwa kioo kama watu wengine wote walivyodanganyika.

Mama hakujitetea.

"Mimi nilikuweka. Nikakwambia uangalie moto, nikageuka kupiga soga na jirani. Najua siku zote. Nikikutazama wacheka, nasema, mtoto amesahau, mimi nimfufulie ya nini?"

Tulilia wote wawili. Kambua ameniambia nisilie kwa nguvu, kovu bado changa, lakini Kambua hakuwapo. Mama alinifuta upande wa kulia tu, wa kushoto aliogopa kuugusa. Baadaye akasema, "Haya, nipe hiyo sima yako kabla haijawa jiwe." Alikula sahani nzima na akaomba iliyobaki chunguni.

Sasa ni magharibi, mama yuko uani anaoga kuondoa yale mafuta, namsikia akijimwagia maji. Mimi nimekaa na daftari na bado sijui nitamjibu nini Kambua. Jana nilikuwa na hakika nitakwenda. Nilitaka shavu safi nimalizane na mambo haya. Leo mchana nilikuwa na hakika siendi, kwa sababu uso huu mpya unasema uongo wake kama ule wa zamani. Sasa hivi sina hakika yoyote. Daktari akishaondoka sijui atarudi lini, wala kama atarudi. Paja langu litabaki na alama na litauma, amesema, pengine kuliko shavu. Je, nataka ngozi laini kwa ajili ya wale wanaokuja na vifo vyao, au kwa ajili ya kioo, au nilitaka tu mtu mmoja aone kwamba niliumia? Kama ni hilo la mwisho, basi limeshafanyika leo, jikoni, bila kisu. Na kama si hilo, ni lipi? Nitalala na swali hilo, na saa mbili nitakuwa pale mlangoni kwa Kambua nikiwa sijala, nione miguu itageukia wapi.

Mama kabla ya kwenda kuoga aliniuliza tena kama bado nimekasirika. Nikamwambia ndiyo, mama, bado.

Akasema afadhali, sasa anajua anamwomba nani msamaha.