Matumbawe Yangu Yaliyokwenda Baharini

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepoa. Mimi kwa mwili sijambo. Kwa moyo, endelea kusoma. Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Kila nikipiga unanisimulia habari za Kitinda, kana kwamba mdogo wangu huyo sifanyi naye kazi hapa kwenye shamba la matumbawe.

Shamba ni moja, Mama. Mimi niko bandani kwenye matangi. Nakata tumbawe vipande vidogo kama kucha, nabandika kila kimoja kwenye kigae, nasugua ukoga, na vikikua vinauzwa kwenda kupamba sebule za watu. Kitinda yeye huzamia, anapanda ya kwake kwenye mwamba uliokufa. Wageni hupita bandani kuuliza choo kiko wapi, kisha wanakwenda kumpiga picha akitoka majini. Siku moja walinipa kamera niwapige wote pamoja. Nilimkata kichwa Kitinda, na wala haikuwa bahati mbaya.

Basi bahari ikapata joto, matumbawe yake yakapauka, meupe kama mifupa. Aliingia bandani analia, hata miwani ya kuzamia hajavua. Mama, nisikufiche: ulimi ulisema pole, moyo ukasema na wewe uonje.

Kwenye tangi la nyuma, ambalo mashine yake ya kupoza maji iliharibika zamani, nilikuwa nalea matumbawe ya kahawia. Wateja huyakataa, eti yana sura mbaya, lakini joto yamelizoea. Kitinda akaniomba nimpe ayapande. Nikamwambia bahari nzima ni yake, aniachie tangi langu. Hakubisha. Alichukua brashi, akasugua vioo pamoja nami mpaka saa ya kutoka, na hilo liliniudhi kuliko matusi. Kesho yake niliyakata mwenyewe nikampa akayapande, maana yeye angeyaharibu.

Yameshika, Mama. Wageni wamerudi, na unajua wanampiga picha nani.

Sasa nikwambie kilichonishikisha kalamu. Wivu wangu si wa sifa. Kila jioni Kitinda hunieleza kipande kipi kimechipua, kipi kimepata samaki wa kujificha ndani yake, nami nasikiliza kama mama anayesimuliwa watoto wake na jirani. Yeye anayaona, mimi siyaoni, kwa kuwa maji yakinipita kiuno naogopa kufa. Hapa wote nimewadanganya kwamba sizamii kwa sababu masikio yananiuma.

Juzi nikamwambia Kitinda ukweli. Nilitegemea acheke. Badala yake akasema, “Dada, mimi nilidhani hutaki tu kuwa karibu na mimi.”

Sasa ananifundisha. Jana nilizamisha uso, nikanywa maji ya chumvi, nikamtukana, tukacheka wote. Jumapili tunashuka mwambani. Nimemruhusu anishike mkono njia nzima, ila tukifika kwenye matumbawe asogee pembeni, nitangulie kuyaona mimi.

Msalimie Baba na wajomba wote. Wakisikia kwamba mtu mzima kama mimi anajifunza kuogelea, wacheke kidogo tu, kisha waniombee.

Ni mimi mwanao mkubwa,
Wa Bandani