Makofi Kwenye Mabano

Alhamisi, Nzuguni. Upepo tangu asubuhi, ule wa kuanika nguo ukazikute kwa jirani. Vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Nimeamka na huzuni, na ili nisilie nimeshinda nikiicheka nchi yangu kimoyomoyo.

Maana habari zote ni njema. Redioni wamesema vyombo vya usalama vimepata magari mapya, na viongozi wa dini wamekuja kuyaombea. Jeshi nalo limeonyesha ukakamavu uwanjani, wanajeshi wakapasua matofali kwa vichwa. Tofali halina mtetezi nchi hii. Mwisho tukaombwa wananchi tusizue taharuki. Sawa. Ya kwangu nimeikunja nikaiweka chini ya godoro.

Blogu hii haina jina langu, na leo mtaelewa kwa nini. Kazi yangu ni kusikiliza rekodi za vikao vya waheshimiwa na kuziandika neno kwa neno. Wakicheka, naandika Kicheko kwenye mabano. Wakigonga meza, naandika Makofi. Mwaka wa sita huu naandika makofi ya watu.

Mdogo wangu Yona ni fundi simu pale Majengo. Siku kumi na saba zilizopita watu wanne wasio na sare walishuka kwenye gari lisilo na namba, wakamwambia wana simu mbovu, wakaondoka naye. Simu hiyo lazima iliharibika sana, maana hajarudi mpaka leo.

Kosa lake, kama lipo, ni utani alioandika kuhusu mheshimiwa mmoja kwenye kundi la mafundi wenzake. Hata haukuchekesha. Yona hajawahi kujua kutania, tangu tukiwa wadogo.

Nimezunguka vituo vitatu. Kote wamenipokea vizuri, wamenipa kiti, wameniambia hayupo. Kwenye kile cha tatu kijana wa zamu alinishauri nimtafute kwa wanawake zake.

Mama yuko kijijini, upande wa Mpwapwa. Kwake yeye mimi nafanya kazi serikalini, kwa hiyo serikali ni kama jirani yangu, nikibisha hodi itafungua. Kila jioni ananipigia kuuliza wamesema nini.

Leo wamesema.

Mheshimiwa mmoja aliuliza kuhusu watu wanaopotea, na kipande hicho cha rekodi kikaangukia kwangu. Nilizibana hedifoni masikioni kwa mikono miwili. Jibu la waziri halikufika dakika mbili. Hali ni shwari. Uchunguzi unaendelea. Wengine ni vijana tu wanaosafiri bila kuaga, hivyo wazazi tuimarishe malezi.

Halafu meza zikagongwa.

Nilirudisha nyuma mara nne, nikitafuta kama yupo hata mmoja aliyeguna. Sikumsikia. Nikaandika jibu lote, nukta na mkato, ila makofi nikayaacha. Huo ndio ushujaa wangu wote wa siku kumi na saba, neno moja ambalo sikuliandika.

Mhariri wetu ni mzee anayekaribia kustaafu. Alikuja na karatasi mpaka mezani kwangu.

"Binti yangu, hapa walipiga makofi," alisema taratibu. Habari za Yona anazijua, ndiye aliyekuwa akiniruhusu kutoka niende vituoni. "Una watoto wa kulea. Yaandike tu."

Nikayaandika.

Jioni mama akapiga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba harakaharaka, kama mtu anayefukuzia basi.

"Enhe, wamesema nini, mwanangu?"

Ningeweza kumwambia ukweli. Lakini siku hizi sauti yake imekonda, nasikia pumzi kuliko maneno, na niliogopa. Nikasema, "Hali ni shwari, mama. Uchunguzi unaendelea." Yalitoka bila kusita. Nilikuwa nimeshayaandika mchana, vidole vilikuwa vinayajua.

Sikujua kwamba simu ameiweka kwenye spika. Kina mama wa jumuiya walikuwa wamejaa uani, wamekuja kusali naye. Nikamsikia akiwageukia.

"Mmesikia jamani? Serikali inamtafuta Yona wangu! Dada yake amewaambia!"

Na wao, nyuma yake, wakapiga makofi. Mmoja akapiga na vigelegele. Mama akarudi kwenye simu analia, akaniambia asante, Mungu anibariki na kazi yangu.

Naona aibu ambayo sijui niiweke wapi. Chini ya godoro kumejaa.

Kesho jioni atapiga tena, na kina mama watakuwa pale uani wakisubiri. Ataniuliza uchunguzi umefika wapi. Waziri ameshamaliza zamu yake, atakuwa amepumzika. Anayetakiwa kusimama na kujibu ni mimi.