Mshipa wa Kitovu kwa Mkono wa Masanja

Mwanangu Kabula ameninyang'anya kalamu sasa hivi, na mchoro huo hapo juu ni salamu zake kwako huko hospitali India. Umeandika "shikamoo bibi kizee" wakati tumepishana miaka minne tu. Marahaba, mume wangu wa utani Masanja. Babu yako aliyenioa yuko machimboni Geita tangu masika, nyumba kimya.

Unauliza kama ukatae mshipa wa kitovu cha mtoto usiyemjua, ambao madaktari wanataka kukuwekea mkononi ili mashine ya figo ikusafishe damu, maana kwetu kitovu huzikwa nyumbani. Nilipojifungua Kabula nilikuwa peke yangu, hakuna wa kukipokea, kikatupwa. Nililia. Mkunga akasema, "Nyamaza, mama, kimeshamlisha mtoto, kazi yake imekwisha." Nilimwamini mpaka barua yako ilipofika. Kumbe kingeweza kumsaidia na mtu mwingine. Mimi ningeombwa, ningekitoa kwa moyo mmoja, na nadhani mama wa mtoto huyo naye ni hivyo hivyo.

Kubali, Masanja. Ukirudi Kisesa nitaushika huo mkono nisikie damu inavyopita. Shemeji anaita nje, "Mama Kabula, gari la Mwanza haliningoji, leta hiyo barua," nami bado sijakuambia jinsi... basi, naikunja hapa, mengine barua ijayo.